Sijambo, Ila

Ambakisye tulimzika Jumanne, utepe wa kijani ukiwa bado mkononi mwake. Mama yake alikataa usikatwe. Alisema waliomvisha wauone watakapokuja kuhani, lakini hawakuja, na mvua ya Rungwe haina adabu, ikatunyeshea sisi tuliokuja. Nilisimama kwenye matope nimechoka kiasi kwamba hata kulia nilikuona ni kazi.

Utepe wa kijani maana yake mtoto hajambo, arudi nyumbani. Ambakisye alivishwa mara mbili, Alhamisi na Jumapili, katika kituo cha afya cha kata yetu. Jumatatu saa nne asubuhi alifia mgongoni mwa mama yake wakirudi kituoni mara ya tatu. Alikuwa na miaka kumi. Homa ya ukungu, tuliyoiita hivyo kwa sababu iliingia na ukungu wa Mei na haikuondoka nao, ilikuwa imekwisha kuchukua watatu kati ya wanafunzi wangu kumi na wanne. Yeye ndiye wa tatu.

Mimi ni Subilaga, mwalimu wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, mwaka wa ishirini na sita sasa. Watu wakisikia kazi yangu huniambia nina moyo. Sina moyo wowote wa ajabu. Nina magoti mabovu, sauti iliyokwisha, na hasira ambayo marehemu mume wangu alikuwa akisema ingetosha kuchemshia chai. Kutoka makaburini sikwenda nyumbani. Nilikwenda kituoni na kanga zangu za msiba, nikamkuta Nesi Gwantwa anakula ugali wa baridi amesimama.

"Nataka kusikia alisema nini," nikamwambia.

"Mwalimu, pole sana. Lakini sauti ya marehemu haitakusaidia kitu."

"Nisikilizishe, Gwantwa."

Alinawa mkono mmoja, akanipeleka dirishani kwa Mpokezi.

Mpokezi ni kisanduku tu, kikubwa kidogo kuliko redio. Kila kituo cha nchi kina chake, na kila mgonjwa hupita kwake kabla ya kuguswa na mkono wa mtu. Hana macho; sheria ilimnyima, baada ya zile kesi za mashine zilizokuwa zikibagua watu kwa sura. Anacho kinywa, sauti ya binti wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unajiona wewe ndiye mgeni wa lugha. Na ana masikio. Anasikiliza maneno, pumzi na kikohozi, kisha anatoa utepe: wa kijani, wa njano, au mwekundu wa kuingizwa ndani mara moja. Kidole hakipimwi hewa iliyo kwenye damu mpaka yeye aseme, maana vipimo ni viwili na watu ni mia mbili kwa siku.

Gwantwa akabonyeza. "Hujambo, mtoto mzuri?" akauliza Mpokezi.

"Sijambo, mwalimu!" Kisha kofi moja la viganja, pa!

Kimya. Moja, mbili, tatu, nne.

"Ahsante. Nafurahi kusikia hujambo. Nenda salama."

Nilishika ukingo wa dirisha. Ilikuwa sauti ya Ambakisye, mtoto aliyeingia darasani kwangu na miaka sita bila neno hata moja. Na lile kofi lilikuwa langu mimi.

"Mbona kimya kile?" nikauliza.

"Anangoja 'ila'," Gwantwa akasema. "Unatujua sisi, Mwalimu. Mtu analetwa kwenye machela, macho yamegeuka, ukimuuliza habari anakwambia nzuri. Mashine za kwanza zilitoka nje, zikawa zinaandika nchi nzima ni wazima. Vijana wetu wakatengeneza huyu, wakamfundisha kwamba 'sijambo' si jibu, ni adabu. Jibu linakuja baadaye. 'Sijambo, ila kifua.' 'Nzuri, ila sijalala.' Basi anangoja sekunde nne. Ila ikija, ndipo anaanza kuuliza. Isipokuja, huyo mtu mzima kweli."

Muhula mzima niliwafundisha watoto wale kuitikia salamu. Muhula mzima, kila asubuhi, mmoja mmoja. Kofi nililibuni mwenyewe ili wajue sentensi imekwisha, maana wengi wao wakianza neno hawajui pa kuliachia. Wakaguzi walikuja kutoka wilayani wakachukua picha, nikapewa cheti, nikakitundika. Niliwafundisha nusu ya salamu, nikaifunga kwa kofi, na hiyo nusu ndiyo iliyomrudisha Ambakisye nyumbani.

"Kuna hati," nikasema. "Kila Januari natia sahihi hati za wote, kwamba hawawezi kujisemea, aulizwe mzazi. Kwa nini hamkuomba hati?"

"Mama yake alisema hana."

"Anayo! Nilimpa mwenyewe!"

Gwantwa akanitazama kwa yale macho ya mtu ambaye hajalala tangu Ijumaa. Akafungua skrini ya ndani, ile ambayo wagonjwa hawaioni. Ilikuwa orodha ya nani aingie kwenye hema la hewa, lile linalomsukumia mgonjwa pumzi, mahema yakipungua. Wenye hati walikuwa chini kabisa, chini ya wazee wa miaka tisini. Pembeni palikuwa na sababu: *Kanda nzima. Wenye hati waliotibiwa kwenye hema: 41. Waliopona: 0.*

"Wanafika wamechelewa, ndiyo maana wanakufa," akasema. "Wakifa, hesabu inaona hawaponi, inawaweka nyuma. Wakiwekwa nyuma wanachelewa zaidi. Akina mama wameshalijua hilo, Mwalimu. Hakuna anayetoa hati siku hizi."

Ukutani juu ya Mpokezi pamechorwa maandishi makubwa ya buluu: MFICHA MARADHI, KIFO HUMUUMBUA. Nikayasoma, nikatamani kumpata aliyeyaandika nimuulize maswali mawili matatu.

*

Tusekile alianza kukohoa Alhamisi.

Huyu ana miaka tisa, amezaliwa na hali ya Down, na ana tundu dogo moyoni ambalo madaktari waliliona akiwa mchanga wakasema lingojewe. Ni mwizi wa chaki na mpenda watu. Ukikaa chini tu, amekwisha kukupanda mapajani. Asubuhi ile hakunipanda. Alikaa kwenye kiti chake, mdomo wazi, ulimi nje kidogo, akawa anakohoa kikohozi laini, kama cha mgeni anayejikohoza mlangoni badala ya kupiga hodi.

Hicho ndicho kinachoniudhi, na nitakisema hata kama hamkuniuliza. Mtoto mwingine akiwa na homa ya ukungu anabweka, nyumba ya tatu wanasikia. Tusekile misuli yake imelegea tangu kuzaliwa, hana nguvu ya kubweka. Njia zake za hewa ni nyembamba, kohozi linajaa, kinga yake ni ndogo, na moyo wake unafanya kazi ya ziada kila siku kabla hata ya kirusi kufika. Ugonjwa unaomlaza mwenziwe siku nne, yeye unaweza kumuua, na wakati unamuua anakohoa kwa adabu. Mpokezi alijifunza kikohozi kwa watoto wanaobweka.

Nilimtazama kucha. Zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya zambarau. Nikamwita mama yake, muuza maparachichi pale njia panda, akaja mbio na aproni yake.

"Mwalimu, umeibeba ile hati?" ndilo swali lake la kwanza.

"Iko mkobani, tangu uliponiachia."

"Ichane."

"Mama Tusekile, nisikilize. Tukificha, ataulizwa mwenyewe, na unajua atakachosema. Halafu hata akiingia, hema litampa hewa ya mtoto wa kawaida. Hema halijui habari ya tundu moyoni. Lile dude linasukuma hewa, mtoto akichelewa kuvuta linaongeza. Kwa mwenye moyo mzima ni msaada. Kwa huyu sijui litafanya nini."

"Na tukiitoa?"

Nikautazama mkoba.

"Si unaona," akasema. Akambeba mwanawe mgongoni, akafunga kanga. "Mwalimu, mimi sijasoma. Lakini nje ya mlango najua mtu anakufa. Ndani sijui. Basi twende nisikokujua."

Ningekuwa na hoja nzuri ningeitoa. Nikafunga darasa, nikawafuata, na hati ikabaki mkobani, maana kisheria ni kosa kuichana na mimi nimekuwa mtumishi mwaminifu kwa muda mrefu mno.

*

Foleni ilizunguka kituo mara moja na nusu. Juu ya mlango palikuwa na kibao kinachobadilika chenyewe: MAHEMA YALIYO WAZI: 2. Mbele yetu kulikuwa na watu kama sabini, na karibu kila mmoja alibeba mtoto. Nilipiga hesabu ya saa mbili. Neno moja jipya, kwa Tusekile, kwa kawaida hunichukua miezi mitatu.

Nikachuchumaa mbele yake. Magoti yakalia.

"Hujambo, mtoto mzuri?" nikasema, kwa sauti ya Mpokezi.

"Sijambo, mwalimu!" Pa!

"Hujambo, mtoto mzuri?"

"Sijambo, mwalimu!" Pa!

Lile kofi. Nikamshika viganja vyote viwili nisimwachie avikutanishe. Aliduwaa. Bila kofi sentensi haikuwa imekwisha, na hakujua pa kuipeleka. Nikampa: "ila kifua." Nikamgusa kifuani. "Ila kifua."

Tulirudia mara ishirini, labda thelathini. Alikuwa akipumzika katikati, kichwa begani kwangu, na kila pumzi niliisikia ikipita mahali pembamba. Nilijichukia. Mtoto anatafuta hewa, mimi namtumia hewa hiyo kutamka maneno. Watu wa foleni walitazama, mmoja akasema yule mwalimu amerukwa na akili, mwingine akamjibu wamwache, kila mtu na msalaba wake. Kibao kikageuka: MAHEMA YALIYO WAZI: 1.

"Hujambo, mtoto mzuri?"

"Sijambo…" akanitazama usoni, akitafuta. "Ila mwalimu!"

Watu wakacheka. Hata mama yake alicheka, machozi yakimtoka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nilimfundisha tena na tena, lakini "mwalimu" alikuwa ameshika mahali pake pale mwishoni kwa miaka mitatu, hakukubali kuhama. Zilibaki familia nne, zikabaki mbili, kisha mlinzi akatuonyesha dirisha.

Mama yake alimwinua hadi kwenye kisanduku. Nikamshika viganja.

"Hujambo, mtoto mzuri?" akauliza Mpokezi, mtamu kama siku zote.

"Sijambo. Ila mwalimu."

Lile neno 'ila' lilikuwa limetoka. Mpokezi hakungoja sekunde nne, hakungoja hata moja.

"Pole, mtoto mzuri. Mwalimu amefanya nini?"

Tusekile hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Alinitazama. Akakumbuka, naamini alikumbuka, mkono wangu uliomgusa mahali pamoja mara thelathini.

"Kifua," akasema, akakohoa kile kikohozi chake cha adabu, na hewa ikamwishia katikati.

Mpokezi alipozungumza tena sauti ya Tanga ilikuwa imebadilika, imekuwa ya ofisini. "Mtoto ameripoti kupigwa kifuani na mwalimu. Pumzi inakatika. Mtu mzima aliyefuatana na mtoto ajibu: je, ni kweli alipigwa?"

Miaka ishirini na sita. Fimbo zilipigwa marufuku nikiwa na miaka tisa kazini, na hata kabla ya hapo sikuwahi kumchapa mtoto wa kitengo changu. Wenzangu walinicheka kwa hilo, wakasema nawadekeza. Mama Tusekile alifungua mdomo kunitetea. Nikauwahi.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimpiga mimi. Mimi ndiye mwalimu."

Utepe ukatoka. Ulikuwa mwekundu.

*

Kipimo cha kidole kilisoma sabini na sita kwa mia. Gwantwa alimlaza kwenye hema la mwisho, akamvisha barakoa, akawasha. Hema likaanza kuvuma. Nilisimama nyuma ya kioo nikaona kifua cha Tusekile kikipanda, kikipanda zaidi, na namba kwenye skrini ya msukumo ikienda kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Moyo wake ulikuwa unapiga mia moja na tisini.

Nikaingia bila ruhusa, nikatoa hati mkobani.

"Gwantwa, ana tundu moyoni. Ana Down. Tulificha."

"Nina macho, Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Nilimwona tangu mlangoni. Ungeiacha nyumbani karatasi hiyo. Sasa umenionyesha, na nikionyeshwa natakiwa niiingize kwenye mashine."

"Ukiingiza?"

"Hema litabadilisha hewa, litampa inayomfaa. Na orodha itajipanga upya dakika hiyo hiyo. Kuna mtoto wa utepe mwekundu nje anangoja. Huyu atatolewa, yule ataingia." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei za maparachichi. "Nisipoingiza, linaendelea hivi."

Namba ilikuwa kumi na sita.

Nilimfikiria mtoto wa nje, na mama yake, ambaye hakunikosea kitu. Sikujua jina lake na nilishukuru kwa kutolijua. Kisha Gwantwa akazunguka nyuma ya hema, akapiga magoti, akafungua kifuniko kidogo. Ndani mlikuwa na koki ya chuma, ya kutumiwa umeme ukikatika. Akaizungusha kwa mkono. Hema likapiga kelele ya kulalamika, msukumo ukashuka hadi nane. Moyo ukaanza kupungua: mia na themanini, mia na sabini.

"Likiachwa linajirudisha," akasema. "Linadhani ni hitilafu, linajirekebisha. Mtu lazima akae hapa ashike koki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone. Au mpaka basi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulikaa kwa zamu siku nne, mimi, Gwantwa na Mama Tusekile, chini sakafuni, tumeshika koki kama watu wanaomshikilia mbuzi asikimbie. Ni nesi peke yake anayeruhusiwa kuigusa. Mkono wangu wa kulia ulivimba. Yule mtoto wa nje walimpakia kwenye gari la kwenda Mbeya siku ile ile. Niliuliza habari zake Jumamosi, hakuna aliyekuwa nazo, sikuuliza tena. Hilo pia ni langu, nalibeba.

Jumatatu mchana Tusekile alivua barakoa mwenyewe, akaitupa, akadai uji.

*

Afisa ustawi wa jamii alikuja Jumanne. Anaitwa Bwana Mwasomola, mtu mpole, buti zake zimejaa tope hadi juu, ana vijiji kumi na tisa na pikipiki moja inayozimika. Tulikaa kwenye chumba cha dawa kwa sababu hapakuwa na kwingine. Mama Tusekile alikuwa na mwanawe mapajani, Gwantwa alikuwa akikunja mashuka kwenye kona.

"Mwalimu Subilaga, shikamoo," alisema, maana nilimzidi umri. "Sikuja kukufunga. Rekodi inasema mtoto alisema, na wewe ulikubali. Ni kosa la kwanza. Ukitia sahihi hapa unaomba radhi, unapewa onyo la maandishi, kesho uko darasani. Ukikataa, itabidi nikuulize kwa nini ulikubali mbele ya Mpokezi, halafu nianze kuchimba. Mimi sipendi kuchimba."

Akanisogezea kompyuta yake ndogo.

"Mwalimu, kubali tu," Mama Tusekile akaninong'oneza. "Yaishe. Mtoto si amepona?"

Alikuwa amepona. Lakini kwenye vitabu vya mashine aliyepona alikuwa mtoto wa kawaida aliyepigwa na mwalimu wake. Wenye hati walikuwa bado arobaini na mmoja, wote wamekufa, na kila atakayeokolewa kwa uongo kama wetu angehesabiwa upande wa pili. Tungeweza kuwaponya wote kumi na mmoja waliobaki na ile sifuri isisogee. Kwa upande mwingine, kuficha hati ya serikali si kosa la onyo. Ni kufukuzwa kazi. Na nikifukuzwa, nani atakaa na watoto wale? Nani anajua kwamba mmoja hali mpaka uimbe, na mwingine akicheka sana ujue anaumwa? Kukubali kosa nisilolitenda kungeniachia darasa. Kukiri nililolitenda kungeninyang'anya.

Sitasema nilikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka kuzika.

"Sikumpiga," nikasema. Nikaweka hati mezani, imekunjamana, ina jasho la siku tano. "Huyu ni mtoto mwenye ulemavu, nina hati yake, niliificha nikijua. Mama yake hakuhusika. Andika kwamba mwenye hati ameingia kwenye hema na amepona."

Mama Tusekile akaanza kulia. Mwasomola aliisoma hati yote, mpaka mhuri, kama mtu anayetafuta kosa la kumwokoa.

"Mwalimu, hii ni kazi yako unanipa."

"Najua, baba."

Akashusha pumzi, akaanza kuandika, kisha akasita. "Lipo tatizo jingine. Kumbukumbu ya hema inaonyesha mpangilio wa kawaida. Nikiingiza hivi, mashine itajifunza kwamba watoto wa aina hii wanapona kwa hewa ya kawaida. Ni kweli?"

Si kweli. Ingewaua. Lakini jibu hilo halikuwa langu kulitoa. Nilijiapia nisimtazame Gwantwa, na sikumtazama. Ana watoto wanne na leseni moja. Nilitazama meza, nikasikia shuka likikunjwa, likikunjwa tena, kisha likaacha kukunjwa.

"Hewa niliishusha mimi," Gwantwa akasema. "Kwa mkono. Msukumo wa nane, siku nne, moyo ukichungwa. Andika nane, Bwana Mwasomola, usiandike 'kama nane'. Na andika kwamba nilimwona mlangoni, nikajua, nikanyamaza."

Mwasomola aliandika kwa vidole viwili, taratibu, akakosea, akafuta, akaandika tena. Alipomaliza aligeuza kompyuta tuone. *Wenye hati waliotibiwa kwenye hema: 42. Waliopona: 1.* Tusekile alinyoosha kidole akaigusa ile moja, ikaacha alama ya uji kwenye kioo.

"Mbona kwenye orodha wako palepale chini?" mama yake akauliza.

"Mmoja hatoshi," Gwantwa akajibu. "Waliopona wakifika thelathini ndipo inapanga upya."

"Thelathini!"

"Barua ya kunisimamisha itachukua wiki mbili kufika. Unazijua barua zetu." Akarudi kwenye mashuka yake. "Yako pia, Mwalimu. Wiki mbili si haba."

Nilitoka nje kupata hewa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Alhamisi. Karibu na dirisha, mtu wa nne kutoka mbele, alikuwa mama wa mwanafunzi wangu Bupe. Bupe alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, akijikohoza kwa adabu. Mama yake aliponiona alichomoa karatasi kifuani, nusu tu, akaificha kwa kiganja ili mlinzi asiione. Niliitambua, ilikuwa na sahihi yangu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "niitoe au niifiche?"

Mtu wa kwanza kwenye foleni aliitwa dirishani. Wakabaki wawili mbele yake.

"Ifiche," nikamwambia. "Akipona tutaitoa."